Picha ya Shingo ya Mzee Masatu

Hili halikusimuliwa na mtu, lilinipata mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua linawaka, kwenye kliniki ya meno pale Nyakato, Musoma. Kazi yangu ni kupiga picha za taya.

Aliingia mzee peke yake, amevaa koti zito la sufu. Joto lile, koti la nini? "Andika Masatu, wa Murangi," akasema. "Jino linaumaga." Nilipomshika kidevu kumweka sawa kwenye mashine, alikuwa wa baridi kama samaki aliyetoka majini. Nikadhani ni homa.

Picha ikatoka. Meno mazima yote. Ila chini ya taya, shingoni upande wa kushoto, palikuwa na vidoti vitatu vyeupe, kama punje za chumvi. Nikamwita daktari.

"Hiyo ni chokaa kwenye mshipa wa kupeleka damu kichwani," akasema. "Ukiziba, anapooza au anakufa. Aende hospitali kubwa leo hii."

Tukatoka kumwambia. Hayupo. Mlinzi getini akasema hakuna mzee aliyeingia wala kutoka.

Kesho yake asubuhi mzee akaja na binti yake. Uso ule ule.

"Mzee, jana ulitukimbia," nikamwambia.

"Mama, hapa sijawahi kufika. Jino lenyewe limenianza jana, saa nane hivi, nikiwa shambani."

Nikamwonyesha picha, nikamweleza na lile koti. Binti akakaa sakafuni. Mzee akaisogeza picha karibu na macho.

"Jina uliloandika ni langu," akasema. "Koti ni la pacha wangu. Alianguka mwaka jana akivuta nyavu, hakuamka tena. Tulimzika nalo."

Niamini, nikampiga picha na yeye. Meno mazima. Vidoti vitatu, pale pale. Hospitali wakakuta mshipa umeanza kuziba, wakamtibu. Mpaka leo analima mihogo yake.

Picha zote mbili ninazo, sijathubutu kufuta hata moja. Na sasa kila anayekuja, kabla ya meno naangalia kwanza shingo. Nawe ukienda kwa ajili ya jino ukaambiwa habari za mshipa, usicheke ukarudi nyumbani. Masatu alikuwa na mtu wa kumtangulia. Wewe unaye?