Fomu za Manjano

Kazi yake ilikuwa kuuliza kama watu bado wako hai, na kuuliza hivyo kwa adabu si jambo dogo. Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye chumba cha kumbukumbu nyuma ya jengo la mionzi, na meza yake, simu ya mezani yenye waya uliojisokota, na rundo la fomu. Kila mwanamke aliyetibiwa pale saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imeshafika mbali, hatua ya tatu au ya nne, alipigiwa simu mara moja kwa mwaka. Wenzake walimwita Mama Haloo. Kwa salamu ya kwanza tu alikuwa anajua kama aliyepokea ni mgonjwa mwenyewe au ni mwanawe aliyebaki na simu yake.

Fomu zilikuwa za rangi mbili. Nyeupe ni za wale ambao uvimbe wao ulianzia kwenye seli bapa, zinazofunika mlango wa kizazi kwa nje, na hao ndio wengi. Za manjano ni za wale ambao ulianzia kwenye seli za tezi, ndani zaidi, mahali ambapo ugonjwa hujificha kama mdaiwa. Hospitali ilitaka kujua, wakiwa hatua moja na wamepata tiba moja, ni kina nani wanaishi zaidi. Utaratibu ulikuwa kupiga mara tatu, siku tatu tofauti. Asipopokea mtu, unaandika "hapatikani" na fomu inafungwa; kwenye hesabu huyo hayupo. Simu za mkononi za makarani zilifungiwa kabatini mlangoni ili namba za wagonjwa zisizagae mitaani.

Yote hayo aliyachukulia kama kazi nyingine yoyote, mpaka mwaka jana dada yake mkubwa alipofunguliwa fomu ya manjano.

Dada huyo alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka hospitalini. Ndiye aliyemlea Mama Haloo mama yao alipofariki, akamsomesha kwa sindano na uzi. Daktari alimweleza aina ya uvimbe wake kwa sentensi moja. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, na hakuuliza tena. Mzigo wa kujua akaubeba mdogo mtu. Kwenye lile rundo, kati ya wanawake kumi wa manjano wa hatua ya tatu, baada ya miaka mitano walikuwa wanapatikana watatu. Kwa weupe, watano. Tofauti ni watu wawili tu, lakini wawili hao walimkosesha raha kabisa. Kila Jumapili alikwenda kwa dada akampima kwa macho. Mbona gauni limelegea? Mbona kaacha nusu sahani? Dada akikohoa vumbi la kitambaa, yeye anahesabu ni mara ngapi. Akitazamwa na dada, anajikaza kisabuni na kutoa mzaha.

Karani haruhusiwi kumpigia ndugu yake, kwa hiyo fomu ya dada ilikuwa kwa mwenzake wa meza ya pili, bwana mmoja mpole asiyekosea tarehe. Siku moja asubuhi mtakwimu, yule anayejumlisha hesabu za utafiti, aliingia kusema fomu zote anazitaka kabla ya saa kumi. Mama Haloo akaanza kuzipanga. Katikati ya rundo la manjano akakuta jina analolijua. Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa yule bwana: hapatikani, hapatikani, hapatikani.

Jumapili walikula pamoja. Leo ni Alhamisi. Simu ya tatu ilipigwa jana.

"Huyu umempigia kweli?" aliuliza.

"Mara tatu, Mama Haloo. Inaita mpaka inakata."

Alinyanyua mkono wa simu akapiga mwenyewe, utaratibu ukae pembeni. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu nayo ikakata, na alijua kuliko mtu yeyote kutopokea mara tatu huwa kunaandikwaje. Wazo la kufungua kabati achukue simu yake halikumjia hata kidogo. Akaikunja ile fomu akaitia kwenye pochi, kosa ambalo lingemfukuzisha kazi, akatoka na roho mkononi.

Mtaa wa kwanza alitembea, wa pili alikimbia. Kufika kwenye kibanda akamkuta dada ameinama kwenye mashine, miwani puani, anapinda mapazia ya mtu. Simu ilikuwa juu ya meza, karibu na mkasi.

"Umekuja na nini, mbio zote hizo?" dada aliuliza. "Kama ni moto, maji yako kwenye ndoo."

"Kwa nini hupokei simu?"

"Yako?"

"Ya ofisini!"

Dada alicheka, akaondoa mguu kwenye pedeli. "Ile? Ile hatuipokei. Sisi tuliokaa benchi moja la mionzi tulipatana tukiwa palepale. Namba yenu tulipewa na waliotutangulia, tunaijua kwa moyo. Mtu uko kazini kwako, umeusahau ugonjwa japo kwa saa moja, halafu simu inalia kukuuliza kama umeshakufa. Wanaopokea ni wenye hali mbaya, wanafikiri labda wanaitiwa dawa. Au watoto wa marehemu. Sisi wengine tunaiacha iite."

Mama Haloo akakaa juu ya robota la vitambaa. Miaka kumi na moja amekuwa akifunga fomu za wanawake ambao huenda walikuwa sokoni wakipimiana mchele. Furaha ikampanda ghafla, na mdomo ukatangulia akili.

"Dada, basi hesabu yetu ina kasoro! Hasa ya manjano, maana manjano wengi bado ni watu wa kazi, na ndio wasiopatikana zaidi, na—"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Kumbe kuna rangi," dada alisema taratibu. Alivua miwani. "Mimi rangi gani?"

"Dada, hayo ni mambo ya ofisi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu mgonjwa ni mimi, si wewe. Rangi gani?"

"Manjano."

"Manjano ndiyo mbaya?"

Aliangalia sakafu yenye vipande vya uzi. "Kwa hatua kama yako, kwenye daftari letu, kati ya kumi, baada ya miaka mitano tunawapata watatu. Nyeupe watano. Lakini ndiyo hivyo, wengine hawapokei tu."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui sawasawa. Lakini hata tukiwapata wote, dada, sidhani kama manjano watawafikia weupe." Alilisema hilo huku machozi yanamtoka, kwa kuwa kumdanganya aliyemlea asingeweza.

Nje mtu alipita akisalimia, hakujibiwa. Kisha dada akaivuta simu yake. "Wa benchi letu ninao humu wanne. Mimi wananipokelea."

Wa kwanza alipokea kwa kelele, kuna watoto nyuma yake, akauliza mapazia yake yameisha au bado. Jina lake kwenye kioo cha simu Mama Haloo alilijua kutoka rundoni: manjano. Wa pili alikuwa kwenye gari, akasema atapiga baadaye. Manjano pia. Wa tatu simu ilipokelewa na mwanamume.

"Mama alitutoka, shangazi. Mwezi wa pili sasa. Tulikosa namba za rafiki zake."

Dada alitoa pole, akaweka simu mezani kama kitu kinachovunjika. "Alikuwa rangi gani huyu?"

"Nyeupe."

Wa nne hakumpigia. Alimwambia mdogo wake aitoe ile fomu, akaisoma mara moja, yale maneno matatu chini ya jina lake.

"Kata hayo. Andika nipo."

"Hairuhusiwi, mimi ni ndugu."

"Mwenye habari zangu ni nani? Andika, na tarehe."

Aliandika, fomu imelazwa juu ya pazia la mtu. Dada alivaa miwani, akarudisha kitambaa chini ya sindano.

"Na mwakani nipigie wewe mwenyewe," alisema bila kuinua macho. "Nitapokea."

Mama Haloo alijibu, "Haya, dada," akaikunja fomu arudi nayo kabla ya saa kumi.