Waya wa Bluu wa Kasingirima

Nilikwenda Kigoma kwa sababu niliitwa, na tangu nistaafu ufundi umeme nilikuwa siitwi tena. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wa mke wangu, ana kinu cha kukamua mawese Kasingirima, kule Ujiji. Inveta ya kinu hicho, yaani kisanduku kinachoamua mota izunguke kwa kasi gani, niliifunga mimi miaka mingi iliyopita. Sasa Hamisi alikuwa amenunua kidhibiti kipya cha kampuni nyingine. Kiliwekwa ofisini, kikawa kinaiamuru inveta ile kongwe kupitia waya wa mtandao. Miezi michache mambo yalikwenda, kisha mashine ikaanza kusimama yenyewe, na machikichi yakawa yanaoza uani.

"Fundi wa kidhibiti anasema inveta imezeeka," Hamisi aliniambia kwenye simu. "Nikamjibu, hata aliyeifunga amezeeka, lakini wote wawili bado wanawaka."

Tabora, alfajiri. Mke wangu alinipa asali ya kumpelekea mdogo wake. "Ukifika usikilize kwanza," alisema. "Wewe husikiliza mashine, watu huwasikilizi." Nilimwambia mashine ndizo zilizoniita.

Baada ya Kaliua nilianza kuongea na mama aliyekaa karibu nami ndani ya basi, mfanyabiashara wa mchele. Aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamweleza kwamba vyombo viwili vya kampuni tofauti ni kama Muha na Msukuma waliopewa simu: laini ipo, lakini lazima wakubaliane lugha.

"Na mmoja akinyamaza?" akauliza.

"Mwingine anasimama kazi."

"Basi ana adabu kuliko wanangu."

Tulivuka Malagarasi mto ukiwa umefurika hadi kwenye matete, tukapita Uvinza, na jioni barabara ikatushusha Kigoma. Ziwa lilikuwa la rangi ya bati, na milima ya Kongo ikionekana ng'ambo. Hamisi alinipokea kwa pikipiki, tukapita Katubuka hadi Ujiji, akinitania njia nzima kwamba dada yake alipewa bwana ambaye hata kwenye posa alikuja na bisibisi.

Kinuni, asubuhi. "Mwakeye, Mzee. Shikamoo," alinisalimu Yohana, mtu wa Kasulu, ambaye ndiye hulisha mashine ya kukamua. Alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama wafanyavyo watu wenye heshima zao. Tukiwa bado tunasalimiana, kikonyo cha machikichi kilikwama kwenye mdomo wa mashine. Yohana aliinama kwenye inveta iliyokuwa ukutani jirani yake, akachomoa waya wa bluu wa mtandao. Mashine ikazimika taratibu. Akaingiza mkono, akatoa kikonyo, akarudisha waya.

"Kitufe cha kusimamisha kiko wapi?" nikauliza.

"Kilihamia ofisini pamoja na kidhibiti, Mzee. Mpaka uuzunguke ukuta. Sisi breki yetu ni huu waya."

"Waya wa mtandao si breki," nikasema. "Huo ni mdomo."

"Hapa Ujiji ni breki," akadakia Hamisi. Tukacheka wote, na mimi nikaigeukia inveta. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisahau yale niliyoyaona. Sikusahau. Niliyaweka kwenye fungu la vichekesho, basi.

Tatizo halikuwa uzee. Kidhibiti hutuma amri bila kukoma, hata kama ni ileile, na inveta husikiliza. Isiposikia kitu kwa kitambo kidogo, huhesabu kwamba mwenzake amekufa, nayo husimama. Kidhibiti kile kipya kilikuwa kikipotewa na kauli kila umeme ulipoyumba, na Ujiji umeme huyumba sana. Nilibadilisha waya. Nikaongeza muda wa inveta kusubiri. Bado ilisimama, na kina mama walikuwa wanazidi kuleta mizigo ya machikichi na kuniangalia.

Ndani ya inveta ile mna mpangilio mmoja unaoiambia ifanye nini mawasiliano yakikatika: isimame, au iendelee na amri ya mwisho. Mimi mwenyewe nilipoifunga niliweka isimame. Jioni ile nikaweka iendelee. Dawa ya kweli ilikuwa kukitafutia kidhibiti umeme usioyumba, lakini hiyo ingechukua siku zaidi, na mimi nilitaka kusifiwa kabla ya chakula cha usiku.

Mashine haikusimama tena. Nyumbani kwa Hamisi tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lao, na majirani wakaja kumwona mzee aliyefufua maiti. Sikumwambia mtu nimefanya nini. Hakuna aliyeuliza, na nilipenda ibaki siri ya ufundi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ofisini nakunywa chai. Kule kinuni mashine ya kubangua mise, yaani kokwa za machikichi, ilikuwa ikipiga kelele kiasi kwamba usingeweza kusikia kama mashine ya jirani yake inazunguka au la. Kikonyo kilikwama. Yohana akachomoa waya kama kawaida yake, akasubiri kama kawaida yake, akaingiza mkono.

Niliposikia ukelele nilikibonyeza kile kitufe chekundu kwa kiganja chote. Mashine haikusimama. Amri ya kitufe ilipita kwenye waya wa bluu, na waya wa bluu ulikuwa unaning'inia. Nilibonyeza tena na tena hadi Hamisi alipokimbilia swichi kuu.

Hospitalini walimkata mkono juu ya kifundo. Tulipoingia kumwona, mkewe alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Hamisi akamwambia ni ajali ya kazi, Mungu ndiye anayepanga.

"Mungu hakuigusa ile inveta," nikasema. "Niliibadilisha mimi, na sikumwambia mumeo."

Mkewe aliniangalia, kisha akaangalia ukuta.

"Nilikuonesha, Mzee," alisema Yohana polepole. "Siku ileile ya kwanza."

"Ulinionesha."

Nilipoinuka kuaga, alinyoosha mkono wa kushoto, akausitisha njiani, akasema, "Utanisamehe, Mzee, nakupa wa kushoto."

Kabla ya kuondoka nilirudisha mpangilio wa zamani, nikafunga kitufe chekundu pembeni ya mdomo wa mashine, waya wake ukienda moja kwa moja kukata umeme wa mota bila kupitia mtandao wala kidhibiti. Hamisi alisimama akinitazama nikikaza skrubu ya mwisho.

"Hiyo ndiyo kazi yote?" akauliza.

"Ndiyo yote."

"Ya asubuhi moja?"

Nikaanza kukusanya vifaa vyangu.

Tabora nilirudi na dumu la mawese, maana Ujiji mgeni haondoki mikono mitupu. Mke wangu aliuliza habari za safari, nikamweleza yote pale mlangoni kabla ya kuvua viatu. Nilichojifunza ni kitu ambacho fundi hapaswi kujifunza akiwa na mvi: kabla hujagusa namna mashine inavyosimama, muulize anayeingiza mkono yeye huisimamishaje, na akikujibu usicheke. Mke wangu hakunikumbusha maneno yake. Alilichukua dumu, akaliweka kwenye kona ya jiko, na hadi leo hakuna aliyelifungua.