Mgongo Mkavu

Mdogo wangu alizoea kunikojolea mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye miezi minane, na likizo nzima ya Aprili nilimbeba kwa leso nikiwa nachota maji, napalilia au nafagia uwanja. Hakuna rinda langu lililokosa alama yake. Ndiyo maana siku ile mimi ndiye niliyejua kwanza, na ndiyo maana mpaka leo naona haya kwamba nilinyamaza.

Alianza kutapika jua likichomoza. Akatapika uji, akatapika maziwa ya mama, kisha akaharisha maji matupu yenye harufu ya uchachu. Mwili ulikuwa na joto kidogo. Mama alipotaka kumnyonyesha tena, kukhu, yaani mama mzaa baba, alimzuia.

"Ndoo imetoboka na wewe unaongeza maji? Acha tumbo likauke kwanza."

Kwetu Shianda wengi waliamini hivyo. Mama akafunga blauzi. Mimi nikambeba mtoto.

Kufikia saa nne kuharisha kulikuwa kumekoma. "Mnaona?" kukhu akasema. "Linakauka."

Saa sita nilipeleka mkono nyuma. Rinda langu lilikuwa kavu. Saa nane, bado kavu. Mtoto alikuwa mzito kwa namna nyingine, kichwa chake kikilala begani bila kushindana nami. Nilitaka kusema, lakini watu wazima walikuwa wanaongea, na mimi hata mwalimu akiita jina langu nilikuwa nikiinua kidole tu.

Walikuwa wanaongea juu ya jirani yetu, Mama Mapacha. Jana yake alipita akamkuta mtoto anakula ndizi mbivu, akasema, "Huyu anajua kula!" Sasa kukhu alikuwa na hakika kwamba ni macho yake yaliyomdhuru mtoto. Na macho yakimshika mtoto, desturi ni moja tu: mwenye macho aitwe, alowanishe kiganja kwa mate yake, apake tumbo. Nikamwachia mama mtoto, nikatumwa.

"Mwambie aje amsalimie mtoto," kukhu akasema. Kila mtu alijua maana ya salamu hiyo.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Aliponiona nimesimama bila neno, akacheka kidogo.

"Wamesema ni macho yangu, eh?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Juzi watoto wote wa fundi wa baiskeli walitapika. Jana wawili wa mlinzi wa kanisa. Kama ni mimi, basi nina macho mengi kuliko nanasi."

Lakini aliinuka akaja.

Nyumbani kukhu alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Gusa, utuondolee."

"Nitagusa, mama. Nipeni maji na sabuni kwanza."

Akanawa mpaka viwiko. Akaweka kiganja tumboni, na uso wake ukabadilika. Aliishika ngozi kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama, mkunjo mdogo wa ngozi, kisha ikalala polepole. Akagusa utosi: ulikuwa umebonyea kama ugali uliobonyezwa kwa dole gumba. Mtoto akalia. Mama Mapacha akapitisha kidole chini ya jicho lake, akatuonyesha kidole hicho.

"Tazameni. Analia bila machozi."

Tulikuwa tumemsikia akilia tangu asubuhi. Hakuna aliyeona. Nilishangaa kwamba mwili usioweza kusema neno ulikuwa umesema yote hayo mbele yetu.

"Alikojoa lini mara ya mwisho?"

Mama akamtazama kukhu. Kukhu akatazama chini.

"Tangu asubuhi hajakojoa," nikasema. "Mgongo wangu ni mkavu."

Wote wakageuka. Hakuna aliyenigombeza. Mama Mapacha alimwambia kukhu kwa sauti ya chini, "Mimi nilizaa wawili, mama. Mmoja tulimkausha hivi hivi."

Kukhu aliketi. Akamwambia mama, "Mnyonyeshe." Kisha mwenyewe akaleta kopo la sukari.

Mama Mapacha alichanganya sukari na chumvi kidogo katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Akaonja. "Chumvi isizidi ya machozi," akasema. Akamnywesha kijiko kimoja, akangoja, akaongeza kingine. Mtoto akatapika. Akangoja kidogo, akaanza upya, bila hasira, na hakukata tamaa.

Tukaondoka kwenda zahanati, mtoto mgongoni kwangu, mama upande huu na kikombe, Mama Mapacha upande ule na kijiko. Tulipita kati ya mashamba ya miwa tukisimama kila hatua chache ili anywe. Hata mara moja hatukumpita mtu bila yeye kugeuka kututazama.

Tulipofika, foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama nimeinama kidogo, nikihesabu pumzi zake shingoni mwangu. Halafu nikasikia kitu cha moto kinashuka mgongoni, kikapita leso, kikapita rinda, kikafika kiunoni.

"Amekojoa!" nikapiga kelele. "Mama, amekojoa!"

Foleni nzima ilinitazama, na kwa mara ya kwanza sikutafuta pa kujificha. Mama alicheka huku anafuta macho. Mama Mapacha akaweka kiganja chake pale palipolowa, akakiacha hapo.