Valeriani na Jina la Mashine

Valeriani alifukuzwa seminari kwa kumcheka gombera, mkuu wao, akarudi kwetu Lipangalala na sanduku la bati na Kilatini. Kulima hajui mpaka leo, ila maneno anayaunga kama fundi anavyounga mabomba. Beno, mpenda pombe ya kangara, alimwita multibibus, mnywaji-mwingi. Katekista wetu akawa pultifagus, mla-uji. Wenyewe waliinamisha vichwa wakaitikia "Amina", maana huku kwetu Kilatini chochote ni baraka.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini la saba la zamani. Niliuliza maana, akanieleza. Jina alilonipa mimi hajanitajia, na naona ni kwa usalama wake.

Mkewe alipokwisha kufariki, akampenda Scolastica, mjane, dada yake Osward mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Posa ikapelekwa, na jibu likawa kwa Osward, mkubwa wa ukoo. Kabla jibu halijatoka, Osward akamwomba jina la Kilatini la mashine. Mwenye akili angetaja Mtakatifu fulani. Valeriani akampa Dentifrangibulum: kivunja-meno. Mpunga wa Osward huanikwa chini, na mchele wake ni nusu kokoto. Osward akafurahi, akaliandika ukutani kwa rangi nyekundu.

"Akijua, Scolastica umemkosa," nikamwambia.

"Dada Agnella, nani atamwambia?"

"Padre mpya ametoka kusoma Roma. Jumapili anakuja kubariki mashine."



Jumapili Padre akasoma ukuta, akarudia, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Baba, maana yake nini?" Osward akauliza, kifua mbele.

Padre alikuwa amevaa stola ya ibada shingoni, uongo ukamshinda. "Kivunja-meno."

Osward akamgeukia Valeriani. "Ndiyo heshima ya mtu anayeposa?"

Aliyejibu ni Scolastica. "Kwani kaka, amesema uongo?"

Basi nikafunua mdomo mbele ya Padre na kwaya nzima, nikamwonyesha Osward pengo nililopewa na wali wake wa Pasaka.

Osward akalichungulia.

"Mchukue dada yangu," akamwambia Valeriani, "maana naona ameshahamia upande wako. Lakini huo ukuta utaupaka rangi upya wewe."

Aliupaka siku hiyohiyo akiwa na suruali ya kanisani, Scolastica akimshikia ngazi na kumwonya asicheke.