Kipande Kisicholimwa

Shambani kwetu Igowole kulikuwa na kipande kisicholimwa. Kila aliyepita pale alichuma majani, akayatupa ndani, akaendelea na safari bila neno. Utotoni tuliambiwa kuna nyoka.

Mwaka huu mdogo wangu aliamua kupanda miparachichi. Alinipigia simu nyumbani kwangu Ilomba, Mbeya, kwa sababu mimi ndiye msoma historia wa familia. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa miaka mingi nimekusanya kila karatasi inayohusu vita ya Wajerumani na Waingereza huku kwetu.

"Kaka, wewe msomi. Pale pana nini? Au tunawatunzia nyoka ardhi nzuri kuliko yote?"

Nilipekua madaftari yangu siku mbili.

"Hakuna maandishi yoyote," nikamjibu. "Chimba."

Nilipofika Jumamosi, shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa ameketi barazani. Nikamwamkia.

"Umemruhusu wewe?"

"Nilitafuta, shangazi. Haikuandikwa."

"Nani angeiandika? Sisi?"

Ndipo akaniambia. Wapagazi wa ile vita waliachwa pale katika nyumba ya udongo, wanaumwa kifua, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu kila kijiji. Wenyeji wakaogopa. Babu yetu, baba yake shangazi, wakati huo kijana, alipewa kamba aufunge mlango kwa nje. Waliofungiwa waligonga siku mbili. Siku ya nne watu wakaiangusha nyumba juu yao. Majani yale yalikuwa badala ya udongo ambao hakuna aliyewatupia kaburini.

"Mlango ulitazama wapi?" Niliuliza kwa mazoea, kalamu mkononi.

"Njiani."

Nikatoka mbio. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuchimba upande wa bondeni, akija kuelekea njiani. Nilihesabu mashimo tisa, yote matupu. Kando ya la kumi, lililo karibu na njia, alikuwa ameketi chini, jembe magotini.

"Nilidhani changarawe," alisema, akafungua kiganja. Yalikuwa meno. Shimoni yalikuwamo mengine, na mengine chini yake.

"Kule kote hakuna kitu, kaka. Mbona wote wamerundikana hapa?"

Mkono wangu ulikuwa umeshachuma majani.

Shangazi alitufikia taratibu na fimbo yake, akachungulia shimoni, kisha akayatazama majani yangu.

"Yaache hayo," alisema. "Shika jembe. Baba yangu alifunga, wewe fukia."