Pamba Iliyolala Nje

Pamba iliyochumwa jana ina harufu yake: jua, majani makavu na vumbi la shambani. Mimi nililala ndani ya harufu hiyo. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, pamba ilihifadhiwa ndani ya nyumba mpaka siku ya kuuza, na sisi watoto tuligombania kulala juu ya lundo lake. Mwaka niliokuwa darasa la nne sikugombana na mtu. Nilikuwa na pumu ya ngozi, na mama aliona mtoto anayewashwa mwili mzima anastahili kitanda laini kuliko vyote. Nikawaringia kaka zangu waliobaki kwenye ngozi ya ng'ombe.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Upepo ulikausha midomo ya kila mtu, ila mimi ulinipasua viwiko na vidole, na malori ya pamba yalituachia vumbi mchana kutwa. Mama alinipaka samli asubuhi na jioni, nikanukia kama kibuyu cha maziwa, na bado nilijikuna hadi damu. Mkono wa kulia ukashindwa kushika kalamu. Mwalimu akamwambia baba kwamba nikiendelea hivyo sitafanya mtihani, nitarudia darasa. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa wa kwanza darasani na sikuwa tayari kumwachia mtu nafasi yangu.

Likizo ya Juni nikapelekwa kwa shangazi, Nyashimo, upande wa ziwa, ambako hewa ina unyevu kidogo. Wiki mbili tu, vidole vikafunga. Niliporudi, siku ya tatu vikapasuka tena. Mama akasema siri ni maji ya kwa shangazi. Baba, mtu wa maneno machache aliyesifika kwa pamba safi, aliingia ndani. Alichota pamba kwenye lundo langu, akasimama mlangoni penye jua, akaikung'uta. Vumbi likaelea kwenye mwanga kama moshi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Hiki ndicho anachokilalia ng'wanone," alisema, yaani mwanangu.

Siku hiyo hiyo alianza kujenga uchaga wa kuwekea pamba uani. Aliezua mabati ya jiko ili auezeke, na mama akapika juani bila kunung'unika. Jirani yetu alipita akacheka: "Pamba nje, watoto ndani? Mbuzi watakushukuru."

"Mbuzi nitawafukuza," baba alimjibu. "Mkono wa mtoto sina mwingine."

Kisha akamwomba asichome masalia ya pamba siku upepo unapoelekea kwetu. Jirani aliacha kucheka, akakubali. Ngozi haikupona kabisa, upepo wa Agosti uliendelea kuniuma. Lakini mtihani niliuandika kwa mkono wangu wa kulia, na nafasi yangu hakuichukua mtu.

Leo ninaishi Bariadi mjini. Nina mafuta ya hospitali, godoro, na dirisha ninalolifunga bodaboda zinapotimua vumbi. Kiangazi kikikaribia najiandaa mapema, na watu huniona mjanja. Ujanja huo si wangu, ni wa mkulima mmoja aliyekung'uta pamba mlangoni, na ninajivunia kuitwa binti yake. Msimu huu nilikwenda kumtembelea. Sisi watoto sote tumeshahama, vyumba ni vitupu, ila pamba bado iko uani, juu ya uchaga. Nikamwuliza mbona asiiweke sasa chumbani nilimokuwa nalala, apumzike kufukuza mbuzi.

"Chumba hicho ni chako," alisema. "Ukija ghafla utalala wapi?"