Jora moja la kitenge lilivyoiokoa harem manga yangu

Wakuu, amani kwenu kutoka Buja, Burundi. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, na anayebisha aje Jabe nimwonyeshe duka.

Nauza vitenge kwenye duka la familia, mimi na dada yangu Mwajuma. Wateja wakipungua nachora manga, zile katuni za Kijapani. Na kwenye manga, mi nakufa kwa harem romcom: jamaa mmoja, mabinti kadhaa wanampenda, vurugu mwanzo mwisho. Najua mnacheka. Chekeni tu.

Sasa tuna klabu ya wachoraji, tunakutana Rohero kila Jumamosi. Mwaka huu klabu ikapata uwezo wa kuchapisha kitabu kimoja, tuchague kwa kura.

Kimoja tu! Nimechora tangu utotoni na sijawahi kushika kitabu changu mwenyewe. Nilikitaka mpaka usingizi ukawa shida.

Mpinzani wangu alikuwa Yvan, mkali wa kuchora mapigano. Alishatangaza mbele ya watu kwamba harem zote ni hadithi ileile: mvulana bwege, wasichana watatu, nywele rangi tatu, basi.

Iliniuma, kwa sababu nilipotoa fotokopi ya kurasa zangu hata mimi sikujua nani ni nani. Nywele za pinki, za bluu, zote kijivu. Loh!

Nikampa Mwajuma asome. Manga hasomi, ila mdomo anao. Akapitia zote huku anatafuna karanga, kisha akauliza: "Hawa mabinti, wao kwa wao hawajuani?"

Nikamwambia ndivyo harem zilivyo.

"Apana. Mu Jabe hii mutu hawezi kutongoza watatu na wasijuane."

Wakuu, nikazipitia kurasa zangu upya. Miaka yote nilikuwa nahangaika na jamaa, kumbe harem inabebwa na mabinti. Kila mmoja awe na shida zake na mdomo wake, halafu wakutane. Hapo ndipo utamu ulipo.

Nikaanza upya. MC, yaani mhusika mkuu, nikamfanya muuza vitenge (siyo mimi, acheni hizo). Kila binti nikampa namna yake ya kupatana bei, so hata kwenye fotokopi unamjua. Zubeda anaondoka hadi mlangoni ndipo arudi. Aline anacheka tu mpaka bei inashuka yenyewe. Kezia anaapa kwamba kwa jirani ni rahisi.

Halafu MC anataka kumpa kila mmoja zawadi kwa siri. Kwa uvivu wake, zote anazikata kwenye jora moja.

Humo kwenye hadithi ikafika harusi ya mtaani. Mabinti wakaingia kila mmoja kivyake, wamevaa sare! Na mnajua sare harusini maana yake nini. Mama wa bibi harusi akadhani ni watu wa familia, akawakabidhi miko wakapakue pilau. Wakiwa kwenye masufuria ndipo wakaulizana: wewe chako alikupa nani?

Panel ya mwisho, yaani kile kisanduku cha picha cha kufungia, MC yuko kwenye foleni na sahani yake, anafika mbele yao.

Siku ya kura, kurasa zikapita mkono kwa mkono. Kisha mtu akacheka kona ile, mwingine huku, na mara ukumbi ukagawanyika, hawa Timu Zubeda, hawa Timu Aline, wanabishana kweli kweli.

Yvan akasimama, mkali kabisa: "Huyu kijana asimupate Zubeda. Hamustahili huyo binti."

Hakuna aliyemuuliza, wakuu. Nikajua nimeshinda kabla kura hazijahesabiwa, na nilishinda. Nililia, sioni aibu kusema.

Juzi wamekuja dukani mabinti watatu na kitabu changu mkononi. Rafiki yao anaolewa, wanataka kitenge kilekile cha kwenye harusi ya kitabuni. Kitabu chenyewe ni cheusi na cheupe! Rangi hata mimi sijawahi kuiamua.

Kabla sijafungua mdomo, Mwajuma akashusha jora la zambarau lililotudodea siku nyingi. "Ni hii yenyewe," akasema, bila hata kutabasamu.

Wakalichukua. Mmoja alitoka hadi mlangoni kwanza, akarudi.

Nilichojifunza: usihangaike mabinti wampende jamaa, hangaika msomaji awapende mabinti. Mwenye hoja tofauti aje tubishane, ila kwanza aseme yeye ni timu gani. Mwajuma ni Timu Kezia na hashauriki.